Udongo wa Tunguu

Mume nilimgawa bila ya kesi. Siku Ubwa aliponijia, kofia mkononi, akanambia amefunga nikaha na mjane mmoja wa Tunguu, nilimuuliza kama ameshakula, nikampakulia. Majirani walikuja kunitazama kama nimelia, wakanikuta napepeta mbegu za mbilingani. Waliondoka wamenuna, maana walikuja kwa ajili ya kilio. Nikawaambia, tena kwa sauti ya kufika barabarani, kwamba mwanamme mwenyewe ana miaka sitini na mbili, anakoroma, na kupumzika bila yake siku mbili katika kila nne si msiba.

Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyasema. Kilichoniuma kilikuwa chengine, na kilianza kwenye kucha zake.

Mimi nauza miche. Hapa Chukwani ukiuliza kwa Mwanapili utaulizwa yupi, lakini ukisema Bi Mwanapili wa miche utaletwa mpaka mlangoni. Tungule, mbilingani, pilipili boga, mpapai mmoja mmoja. Watu hutoka Mkokotoni kuja kwangu na njiani wanapita miche ya watu wengine chungu nzima. Wanadhani nina mbegu za ajabu. Mbegu nanunua dukani kama wao. Ninachowashinda ni udongo.

Mafungu mawili ya udongo mwekundu, fungu moja la samadi ya ng'ombe iliyokaa mpaka haina harufu, fungu moja la mchanga wa shamba, si wa pwani. Unachekecha wote, unatoa mawe na vijiti. Kisha maji, na hapo ndipo wengi wanapoharibu. Humwagi ndoo. Unanyunyiza na kuchanganya, unanyunyiza na kuchanganya, halafu unachota konzi moja unaifinya. Likidondoka tone moja, basi, mbegu zinaweza kulala humo. Yakitiririka umeuzamisha. Udongo ukivunjika mkononi, bado una kiu. Nimewaeleza watu mia, na mia wote wamekwenda kumwaga ndoo.

Aliyekuwa akichekecha ni Ubwa. Alikuwa fundi mfereji, anarudi kazini alasiri, anasali, anavua shati na kuchukua chekeche aliyoitengeneza mwenyewe kwa wavu wa dirisha na mbao nne. Yeye anachekecha, mimi nafinya. Miaka thalathini na moja. Hatukuwa watu wa maneno matamu. Mimi nilimwambia hapo umeacha jiwe, naye akalitoa. Niliona hayo yanatosha, na sikufikiria kumuuliza kama na yeye yanamtosha.

Alipostaafu akaanza kulalamika mgongo. Kuinama hawezi, kuchekecha hawezi. Nikamwambia apumzike, nikawa nachekecha mwenyewe. Mwaka haukwisha akaoa.

Sasa basi. Jioni moja karejea kutoka Tunguu, zamu yangu imeanza, nikamshikia birika anawe mikono tule. Nikaona kucha zake. Zilikuwa na udongo ndani, mweusi tii. Udongo wangu ni mwekundu, hata uoge vipi unakuachia wekundu. Ule haukuwa wangu. Nikamuuliza, kwa upole wa kutisha, alikuwa akifanya nini huko. Akasema, kama mtu anayekwambia kapita sokoni, kwamba alikuwa akimsaidia Kulthum kuchekecha udongo, naye ameanza miche.

Nikamuuliza kama mgongo wake haujambo. Akasema haujambo, alhamdulillahi.

Sikula. Nilisema nina kiungulia. Nilikaa nikimtazama anavyokula wali wangu kwa mikono iliyomchekechea mwengine, na roho ikanipanda mpaka hapa. Mgongo wa Chukwani mgonjwa, mgongo wa Tunguu mzima! Jambo la kulala kwake huko nililizowea, kwa sababu ni sharia na kwa sababu sikuwa nikiliona. Kuchekecha niliona. Toka jioni ile nilikuwa nataka kitu kimoja tu hapa duniani: Ubwa achekeche udongo wangu, asiuchekeche wa mwengine.

Lakini hilo sikumwambia. Mtu aliyekwisha kuutangazia mtaa mzima kuwa hana wivu, anaanzia wapi? Nikawa nazikagua kucha zake kila anapokuja, kama mwalimu wa madrasa siku ya Jumamosi. Zilikuwa nyeusi kila mara. Nikampiga vijembe. Nikasema huku Chukwani hatuli na vibarua. Nikasema wengine wanaolewa na wengine wanaajiriwa. Alicheka, akanyoosha mkono kwenye mchuzi. Ubwa ukimpiga kijembe humpati, kinapita pembeni.

Kisha nikaiona miche yenyewe.

Kila Alkhamisi napeleka sinia zangu za miche mjini, kwa Kazim. Ana duka la mbegu, mipira ya maji na dawa za wadudu katika kichochoro cha nyuma ya soko, lilikuwa la babu yake, na miche anaipanga juu ya baraza. Kwa miaka kumi na tano baraza lile halikuwa na miche ya mtu ila yangu. Alkhamisi hiyo nikakuta safu mbili. Yangu ilikuwa nyuma.

Kazim ni mtu wa haya. Aliponiona alianza kufuta mizani ambayo haikuwa na vumbi. Sikumuuliza, maana nilikwisha kujua. Akaona afadhali aseme. Akang'oa mche mmoja wa tungule katika sinia ya mbele, akaugeuza juu chini mbele ya macho yangu.

"Usinune, Bi Mwanapili. Tazama mzizi tu."

Nikautazama. Mizizi ilikuwa myeupe, mingi, imeushika udongo wote mpaka chini hata ule udongo haukumeguka. Mche wangu ukiung'oa, nusu ya udongo inabaki kwenye sinia. Nikachukua kidogo cha ule weusi, nikaufinya. Tone moja. Nikaunusa. Harufu yake niliijua, na nilipoijua nikajikalia juu ya baraza bila ya kukaribishwa.

Ilikuwa harufu ya makumbi.

Miaka tisa nyuma Ubwa aliniletea gunia. Alikuwa ametoka kufunga bomba kwa watu wa pwani, wale wanawake wanaofukia makumbi ya nazi kwenye tope la bahari mpaka yakaoza, wakayaponda kutoa usumba wa kusokota kamba. Ule unga unaobaki baada ya kuponda wanautupa. Akauona mweusi, mwepesi, unashika maji, akanambia tuujaribu kwenye sinia moja. Siku hiyo nilikuwa na wateja uani. Nikamwambia mbele yao, "Ubwa, wewe fundi mfereji, kamata mifereji yako. Mimi sioteshi miche kwenye taka za kamba." Wateja wakacheka, na yeye akacheka pamoja nao. Gunia likakaa nyuma ya banda la kuku mpaka likaoza, na sikumsikia kulitaja tena.

Kumbe alilichukua wazo lake akampelekea mwengine. Nilirudi Chukwani nimeshika sinia tupu mapajani, nina kijiba cha roho cha kunitosha mimi na ukoo wangu. Njia nzima nilikuwa nikisema moyoni kwamba ule udongo ni wangu. Niliukataa, ndiyo, lakini niliukataa mimi, kwa hiyo ulikuwa wangu kuukataa. Mtu mwenye wivu hakosi hoja.

Ubwa alipokwenda Tunguu, mimi nikaenda pwani. Nilimkuta mama mmoja kakaa juu ya tope na rungu lake, anaponda, na pembeni yake rundo la unga mweusi. Nikamwambia nataka magunia mawili. Akaniuliza nautakia nini. Hapo ndipo nilipojichimbia shimo. Ningesema miche, na maneno ya pwani hayana mguu lakini yanafika, na Ubwa angesikia kuwa Mwanapili anaiga. Nikasema nataka kutandikia kuku. Yule mama akaniangalia, akasema kuku watafurahi, akanijazia. Lau angelijua ni miche nadhani angelinambia la kufanya. Watu wa pwani hawana choyo.

Nikachanganya siku ile ile, uani nyuma ya jiko, mahali Ubwa hafiki. Nikachekecha, nikanyunyiza, nikafinya, tone moja likadondoka, zuri, nikajiambia kumbe rahisi hivi. Nikasia sinia sita. Zilikuwa mbegu zangu zote za masika, kwa sababu nilitaka nikienda kwa Kazim baraza lote lirudi kuwa langu, na Ubwa akija aone kuwa kile alichokuwa akikifanya kule kipo na hapa, tena zaidi.

Mbegu ziliota siku ya sita. Siku ya tisa ncha za majani zikaanza kuwa kahawia. Nikasema kiu, nikamwagilia. Maji yangu ni ya kisima, na visima vya Chukwani vina chumvi kwa mbali, lakini miche yangu miaka yote imeyazowea. Siku ya kumi na moja majani yakajikunja. Nikamwagilia zaidi. Juu ya udongo kukafanya ukoko mweupe kama wa sufuria iliyochemshiwa maji mara nyingi. Nilidhani ni ukungu, nikaukwangua kwa kijiko. Mimi, ambaye nimewafundisha watu mia, nilikuwa nikikwangua kwa kijiko huku nachungulia mlango asije mtu. Ningekwenda kumuuliza Kazim. Ningerudi kwa yule mama. Nisingeweza kwenda kwa yeyote bila ya kusema ni nini nilichokitaka kwa mwenzangu, na hilo lilinishinda.

Siku ya kumi na tatu Ubwa alikuwa zamu kwangu, na asubuhi koki ya jikoni ikaanza kuvuja. Akazunguka nyuma kufunga maji. Akakawia huko.

Nilipotoka nilimkuta amechuchumaa mbele ya sinia sita za vijiti vilivyoungua. Amechota udongo kwa vidole viwili, akautia mdomoni. Akautafuna kidogo, akautema.

"Hujauosha," akasema.

Nikasubiri acheke. Nilikuwa nimeshayapanga maneno ya kumjibu akicheka, makali, ya miaka yote. Hakucheka. Akanieleza, kwa sauti ile ile ya kunieleza bomba limepasuka wapi, kwamba makumbi yamekaa baharini miezi sita na yamekunywa chumvi. Kamba haijali chumvi, kwa hiyo wenyewe hawayaoshi. Lakini mche unataka huo unga uroweke katika maji baridi ya mvua, usiku mzima, umwagwe. Tena uroweke, umwagwe. Tena. Maji matatu, na kila maji unaonja.

Nikashikwa na hasira, kwa sababu alikuwa mpole. Nikamuuliza kama ni huyo Kulthum wake aliyemfunza kuosha.

"Hakunfunza mtu. Nliiunguza miche yake. Mara ya kwanza yote, mara ya pili yote, mara ya tatu nusu."

"Akasemaje?"

"Akanambia tujaribu tena."

Alisema hivyo tu, akaingia kufunga koki. Mimi nikabaki na sinia zangu. Nilijaribu kuhesabu ni sinia ngapi nilizomwachia Ubwa aziharibu katika miaka thalathini na moja, na sikupata hata moja. Nilimruhusu kuchekecha. Jiwe akiliacha, nilimwambia. Yule wa Tunguu alipoteza mara mbili na nusu, akamwambia tujaribu tena, na mgongo wa Ubwa ukapona. Kama angemroga ningejua pa kumshitaki.

Alipotoka jikoni nilimwambia bado nina gunia moja sijalifungua. Akanitazama. Akaniuliza kama maji ya mvua yapo kwenye tangi. Nikamwambia yapo. Akavua shati.

Basi siku ile tulirowesha maji ya kwanza katika madishi mawili. Tulikaa tukiufinyafinya ule unga, yeye dishi lake mimi langu, maji yakatoka rangi ya chai ya rangi. Sikumwambia jiwe. Kulikuwa na jiwe, nililiona, nikaliacha mpaka akaliona mwenyewe. Asubuhi ya pili tukamwaga, akaonja, akanipa na mimi nionje. Chumvi iliuma ulimi. Tukatia maji ya pili. Alinieleza habari za Tunguu bila ya kuulizwa, kwamba kule kuna vijana wa chuo wanakuja kununua mche mmoja mmoja wa pilipili waweke dirishani, na mimi nilisikiliza yote na kila neno liliniuma, na bado nilitaka aendelee. Muda mrefu Ubwa alikuwa hajanieleza kitu.

Alasiri tukamwaga maji ya pili kabla ya wakati wake, kwa sababu alikuwa ajitayarishe. Magharibi ni zamu ya kule. Maji ya tatu yalikuwa bado.

Nikamwambia alale. Usiku mmoja, tumalize, kesho aende. Nilimwambia kama jambo la kazi. Akasema jambo moja ambalo nililijua tangu mwanzo. "Siku si yangu, Mwanapili, hata nikupe. Ya mwenyewe. Muombe mwenyewe." Akanipa simu yake, ishapigwa tayari.

Nilikuwa sijawahi kuzungumza na yule mwanamke. Kwenye msiba wa shemeji yangu tulikaa ukumbi mmoja, nikampa mgongo kuanzia khitma mpaka chai. Sasa sauti yake ilikuwa sikioni kwangu, ndogo kuliko nilivyoitarajia.

"Shikamoo, Bi Mwanapili."

Nikasema marahaba. Nikamwambia moja kwa moja kwamba nina udongo naosha na Ubwa, umebakia maji ya mwisho, naomba aniachie siku hii, nitamlipa yake. Nilisikia kuku wake.

"Ungeniomba udongo ningekuletea mwenyewe," akasema. "Miche pia. Siku siwezi kukupa, bibi. Unisamehe. Mimi nnamngojea. Akishatoka tu hapa naanza kumngojea."

Nikaibandua simu sikioni, nikaitazama. Mke mwenza anamwambia mwenziwe hivyo, bila ya haya, bila ya kejeli, kama mtu anayesema ana njaa! Nilitaka kumpa kubwa lake na ulimi haukwenda, kwa sababu hilo alilolisema ndilo ninalolifanya mimi, siku mbili katika kila nne, mwaka wa pili sasa, na hakuna aliyenisikia. Nilimwambia haya, usiku mwema. Nikamrudishia Ubwa simu yake.

Alikuwa anavaa viatu pale kizingitini. Alijua jibu kwa uso wangu. Akaanza kunieleza maji ya tatu nifanyeje, nisiyamwage mapema, nisitumie ya kisima. Nilikuwa simsikilizi.

"Ubwa," nikasema. "Na mimi nakungojea."

Akasita, kiatu kimoja mkononi.

"Hujapata kunambia."

"Nakwambia."

Aliniangalia. Nikaona, wallahi nikaona, kwamba anafikiria kuvua kile kiatu alichokwisha kukivaa. Nilikitazama kile kiatu. Nilikiombea. Kama angekivua ningekubali kuibeba dhambi ile mimi, na ningelala raha. Alivaa cha pili. Akasema keshokutwa atakuja mapema, kabla ya alasiri, nisisie mpaka afike. Akashika mkono wangu, jambo ambalo hatukulizowea mchana, akauachia, akatoka.

Niliyaweka maji ya tatu peke yangu. Nilijua kule atafika na uso uliobadilika, na yule mwanamke atauona, na huenda akafurahi naye kwa sababu ndivyo alivyo, na hilo nalo liliniuma.

Asubuhi nikamwaga madishi yote mawili, nikachota konzi, nikauonja. Haukuwa na chumvi. Nikaonja tena upande mwengine, vilevile. Nilitaka nimwambie mtu, nikasimama uani na ule udongo kinywani, na mtu wa kumwambia alikuwa Tunguu, kwa haki ya mwenyewe.